Kupiga nje ya zamu kwenye softiboli: mwongozo kamili kwa kocha, refa na mwandishi wa alama

Jezi namba 9 alipiga mpira ukapenya katikati ya walinzi, akafika besi ya kwanza, na mwenzake aliyekuwa besi ya pili akaingia homu, kituo cha kupigia, ikawa pointi. Kocha wa timu inayolinda akatoka mbio na karatasi mkononi: "Refa, huyu si zamu yake!" Nikatazama kadi yenye mpangilio wa wapigaji. Kweli, haikuwa zamu yake. Nikakunja ngumi, nikamtoa auti (kumwondoa; auti tatu humaliza zamu ya timu kupiga) namba 9. Kocha akaridhika, mchezo ukaendelea.

Nilikosea. Auti ilikuwa ya msichana mwingine kabisa, aliyekuwa amekaa benchi akifunga kamba za viatu, na namba 9 alipaswa kurudi palepale kupiga tena. Hakuna aliyenisahihisha, si kocha wala mwandishi wa alama. Niligundua mwenyewe usiku, kitabu cha sheria kikiwa kifuani na usingizi umeruka.

Tangu hapo nimeona makocha, manahodha na marefa wenzangu wakianguka kwenye shimo hilohilo. Mmoja anamtoa auti asiyehusika, mwingine anakata rufaa mapema mno, mwingine anachelewa kwa mpira mmoja tu kisha analia ameonewa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili, ya sita haitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kadi ya wapigaji, nakala nne: ya refa wa homu, ya kocha wa timu pinzani, ya mwandishi wa alama, na moja ya kubandika benchi kwenu.
- Karatasi ya alama, yenye safu ya kila mpigaji na kisanduku cha kila iningi (kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga).
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai kazi hii, na utaona sababu kwenye hatua ya 8.
- Kihesabio cha refa, kile kidude cha mkononi cha kuhesabia boli (mrusho mbaya ambao mpigaji hakuujaribu), straiki (mrusho mzuri aliouacha au aliojaribu akaukosa) na auti.
- Kitabu cha sheria cha mashindano yenu, si cha mashindano mengine. Misingi inafanana, lakini kuna sehemu moja vitabu vinaachana, na nitaionyesha.
- Mtu mmoja kwenye kila benchi ambaye kazi yake ni kufuatilia kadi tu. Ukimpa na kugawa maji, kadi itasahaulika.

## Majina ya kufanyia kazi

Nitatumia timu moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Herufi zinafuatana ili usihangaike kukumbuka:

1. Asha
2. Bahati
3. Chausiku
4. Dora
5. Esta
6. Fatuma
7. Grace
8. Halima
9. Imani

Halafu shika majina mawili. Mwenye zamu ni yule ambaye kadi inasema ndiye wa kupiga sasa. Mdandiaji ni yule aliyesimama homu badala yake, kama mtu aliyedandia foleni ya daladala. Karibu kila kosa ninaloliona linatokana na kuwachanganya hawa wawili.

## Hatua ya 1: Linganisha kadi kabla ya mpira wa kwanza

Kaeni dakika mbili: kocha, refa na mwandishi wa alama. Someni majina kwa sauti, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, namba ya jezi pamoja na nafasi. Kadi iliyo mkononi mwa refa ndiyo sheria. Iliyobandikwa benchi ni ukumbusho tu.

Hata mabingwa wameteleza hapa. Tarehe 9 Mei 2018, kwenye besiboli ya Marekani, mchezo ndugu wa softiboli, timu ya New York Mets ilicheza na Cincinnati wakiwa na orodha mbili zisizofanana. Kadi waliyompa refa ilimweka Asdrúbal Cabrera wa pili na Wilmer Flores wa tatu. Orodha waliyoifuata wachezaji ilikuwa kinyume chake. Flores akapiga wa pili, akatolewa kwa straiki tatu. Cabrera akafuata, akapiga hadi besi ya pili. Hapo timu ya Cincinnati ikakata rufaa, na aliyetolewa auti alikuwa Jay Bruce, mtu wa nne kwenye kadi, ambaye hakuwa amegusa mpira. Iningi ikaishia hapo. Mets walifungwa 2–1 katika iningi ya 10.

Kwa nini Bruce na si Cabrera wala Flores? Ukimaliza hatua ya 7 utaweza kumweleza mtu bila kusitasita.

Angalizo. Timu ikitumia DP (mchezaji anayepiga badala ya mlinzi mmoja), kadi ina majina 10, na la 10 ni la FLEX, ambaye analinda tu. FLEX akitaka kupiga, anapiga kwenye nafasi ya DP na si kwingine. Akisimama nafasi nyingine, hilo si suala la zamu tena. Ni mchezaji asiyeruhusiwa, na adhabu yake iko sura nyingine ya kitabu.

Umefanya sawa kama mwandishi wa alama anaweza kutaja jina la mpigaji wa sita bila kumuuliza kocha yeyote.

## Hatua ya 2: Jua mwenye zamu ni nani kwa kila wakati

Mwenye zamu ni jina linalomfuata mpigaji wa mwisho aliyekamilisha zamu yake kihalali. Usitazame nani alipiga iningi iliyopita, wala nani ameshavaa kofia. Tazama nani wa mwisho alimaliza kihalali, kisha shuka jina moja.

Iningi mpya haianzi na namba 1. Inaanza na jina linalofuata pale iningi iliyopita ilipokatikia. Esta akitolewa auti ya tatu, Fatuma ndiye anafungua inayofuata. Je, Fatuma alikuwa homu, mkimbiaji akanaswa akiiba besi (kukimbilia besi ya mbele bila mpira kupigwa), ikawa auti ya tatu kabla Fatuma hajamaliza? Zamu yake haikukamilika, kwa hiyo anarudi yuleyule Fatuma, na hesabu inaanza upya sifuri kwa sifuri. Hapa ndipo timu nyingi za shule huanza na Grace na kujichimbia kaburi bila kujua.

Zamu inakamilika mpigaji anapotolewa auti au anapogeuka kuwa mkimbiaji, iwe kwa pigo, kwa boli nne, kwa kugongwa na mpira au kwa kosa la walinzi.

Umefanya sawa kama kabla ya kila mpigaji kuingia umeshaweka kidole juu ya jina lake, na unamsubiri yeye akuthibitishie.

## Hatua ya 3: Hakikisha kweli ni suala la zamu

Umeona sura usiyoitegemea homu. Kabla ya kufanya chochote, jiulize: huyu yumo kwenye mpangilio wa wapigaji waliomo mchezoni?

Kama yumo lakini amekuja mahali si pake, hiyo ni nje ya zamu. Endelea.

Kama ametoka kwenye wachezaji wa akiba na kocha wake hakumtaarifu refa, hiyo ni sabu isiyotangazwa, na ina utaratibu wake. Softiboli inaruhusu mchezaji aliyeanza kutoka na kurudi mara moja, mradi arudi kwenye nafasi yake ileile ya kupiga. Kwa hiyo sura ngeni haimaanishi dhambi. Mara nyingi ni Bahati amerudi, na wewe ulikuwa unaandika.

Kukata rufaa ya zamu dhidi ya sabu ni kupoteza rufaa na kuchekwa. Yamenikuta enzi nikiwa kocha.

## Hatua ya 4: Funga mdomo kama si kazi yako

Refa haambii mtu. Mwandishi wa alama haambii mtu, hata kwa kukohoa. Kufuata zamu ni jukumu la timu inayopiga, na kugundua kosa baada ya zamu kukamilika ni haki ya timu inayolinda. Ukiropoka, umeichezea timu moja.

Wapo wanaoona ni roho mbaya refa kuona kosa na kunyamaza. Mimi naona ni kama drafti kijiweni: mtazamaji akiona mtu anasogeza kete pabaya, hasemi. Tofauti naiweka kwa watoto wa miaka 9 au 10. Huko mimi nasimamisha mchezo, nawaita makocha wote wawili, tunarekebisha, tunaendelea. Mtoto aliyetolewa auti akiwa benchi haelewi amefanya nini.

## Hatua ya 5: Uliza swali la wakati

Kila kitu kinategemea swali moja: mpira wa mwisho ulirushwa kwa nani?

Kuna milango mitatu, na ni mmoja tu ulio wazi kwa wakati mmoja.

- Mlango wa kwanza: mdandiaji bado yuko homu, hajamaliza.
- Mlango wa pili: mdandiaji amemaliza, lakini mrushaji hajarusha mpira kwa mpigaji anayefuata.
- Mlango wa tatu: mpira umesharushwa kwa mpigaji anayefuata.

Refa, kabla ya kusikiliza hoja ya mtu, omba taimu, simama, jijibu swali hili kimoyomoyo. Kocha anayepiga kelele atakusukuma kuanza na "nani alikosea". Hilo linakuja baadaye.

## Hatua ya 6: Toa uamuzi kulingana na mlango

### Mlango wa kwanza: mdandiaji bado anapiga

Zamu ni ya Chausiku. Dora amesimama homu, hesabu ni boli mbili, straiki moja. Wakati huohuo Asha, aliyekuwa besi ya kwanza, ameshaiba besi ya pili.

Mtu yeyote wa timu hizi mbili, hata kocha wa timu inayopiga, anaweza kusema. Dora anatoka, Chausiku anaingia, na anarithi hesabu ileile: boli mbili, straiki moja. Hakuna auti. Asha anabaki besi ya pili, kwa sababu aliiba kwa miguu yake na hakusogezwa na pigo la mdandiaji.

Kocha wa timu inayopiga, ukigundua kosa lako hapa, kimbia. Hata kama Dora ana straiki mbili, rekebisha. Chausiku akiingia na straiki mbili ni afadhali kuliko auti ya bure.

Kocha wa timu inayolinda, wewe fanya kinyume: nyamaza. Ukisema sasa, unachopata ni marekebisho tu. Hii ndiyo rufaa ya mapema niliyoitaja mwanzoni. Kocha anajiona mjanja kwa kuona kwanza, kumbe amewafanyia wapinzani kazi yao.

### Mlango wa pili: amemaliza, mpira unaofuata haujarushwa

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, kwa hiyo twende polepole.

Bahati yuko besi ya pili. Zamu ni ya Chausiku. Dora anadandia, anapiga mpira hadi uwanja wa kulia, Bahati anaingia homu, Dora anasimama besi ya kwanza. Esta anatembea kuelekea homu. Mrushaji ameshika mpira lakini hajarusha. Timu inayolinda inakata rufaa.

Refa anafanya mambo manne, kwa mfuatano huu:

1. Anamtoa auti Chausiku. Si Dora. Aliyekosa kupiga kwa zamu yake ndiye anayelipa, hata kama alikuwa msalani.
2. Anamwondoa Dora besini. Kufika kwake besi ya kwanza kumefutwa.
3. Anamrudisha Bahati besi ya pili. Pointi imefutwa, kwa kuwa ililetwa na pigo la mdandiaji. Kama Bahati angekuwa ameiba besi ya tatu wakati Dora bado anapiga, angerudishwa besi ya tatu, kwa sababu ile ya kuiba ni yake.
4. Anamwita mpigaji anayefuata jina la aliyetolewa. Chausiku ametolewa. Anayemfuata ni nani? Dora.

Ndiyo, Dora anapiga tena, sasa hivi, hesabu sifuri kwa sifuri, na safari hii kihalali. Esta anarudi kukaa. Watu watapiga kelele: "Si amepiga sasa hivi?" Alipiga, lakini sheria imelifuta lile pigo. Usimlete Esta kwa sababu ya kelele.

Auti ya Chausiku ikiwa ya tatu, iningi imekwisha, na Dora ndiye atakayefungua iningi ijayo ya timu yake.

Mahali vitabu vinapoachana. Tuseme Dora hakufika besi. Alipiga, akatolewa auti, kisha rufaa ikaja. Kwenye kitabu cha USA Softball, chama cha softiboli cha Marekani, auti zilizokwisha kupatikana kabla ya kosa kugunduliwa zinabaki. Kwa hiyo kuna auti ya Dora na auti ya Chausiku, mbili, na kwa kuwa Dora ameshatolewa, anarukwa na Esta anapiga. Kwenye besiboli ya kulipwa ya Marekani si hivyo: auti ni moja tu, ya mwenye zamu, na mdandiaji anarudi kupiga. Fungua kitabu cha mashindano yenu kwenye kipengele hiki kabla ya msimu, ukiandike kwa penseli nyuma ya kadi. Kocha ambaye hajakisoma hajui kama rufaa yake italeta auti ya ziada au itampa tu Dora nafasi ya pili.

### Mlango wa tatu: mpira umesharushwa

Dora amepiga, Bahati ameingia homu, Esta amesimama, mrushaji akarusha. Straiki moja. Ndipo kocha anakumbuka kadi yake.

Amechelewa. Mpira ule mmoja umehalalisha zamu ya Dora. Pointi inabaki, Dora anabaki besini, hakuna auti. Esta ndiye mpigaji sahihi, kwa kuwa anamfuata Dora. Chausiku amepoteza zamu yake hadi orodha izunguke imfikie tena. Hiyo tu ndiyo hasara yake.

Haijalishi kama mpira uliorushwa ulikuwa halali au wa makosa. Hata refa akitangaza urushaji usiofaa, mlango umefungwa.

Iningi ikiisha je, ambapo hakuna mpigaji anayefuata? Kwenye softiboli muda wa rufaa unakwisha mrushaji na walinzi wote wa ndani (wanaolinda karibu na besi) wakishaacha nafasi zao na kutoka eneo la mchezo kuelekea benchi. Kwa hiyo kocha, ukiwa na shaka kwenye auti ya tatu, wapigie kelele wachezaji wako wabaki uwanjani. Wasichana wana kiu, wataanza kukimbia. Mmoja tu wa ndani akibaki mahali pake, bado una nafasi.

## Hatua ya 7: Angalia kama kosa limezaa kosa

Hapa ndipo mtego wa Mets ulipo, na ni mtego wa kawaida kuliko unavyodhani.

Dora anadandia zamu ya Chausiku. Benchi linagundua, linanong'ona: "Basi Chausiku apige sasa, tubadilishane tu." Chausiku anaingia. Mrushaji anarusha mpira wa kwanza.

Simama hapo. Mpira ule umehalalisha zamu ya Dora. Anayemfuata Dora ni Esta. Maana yake Chausiku, ambaye dakika tatu zilizopita alikuwa mwenye zamu, sasa ni mdandiaji, na mwenye zamu ni Esta. Chausiku akimaliza na rufaa ikaja kwa wakati, anayetolewa auti ni Esta, na anayepiga baada yake ni Fatuma.

Weka Flores mahali pa Dora, Cabrera mahali pa Chausiku, Bruce mahali pa Esta. Umeielewa Cincinnati.

Kwa timu inayopiga, dawa ni moja: mkishakosea na mpira ukarushwa, mlango ukafungwa, songeni mbele. Msijaribu kurudisha utaratibu kwa kumrejesha aliyerukwa.

### Mwenye zamu akiwa besini

Kosa likirudiwa bila rufaa, huja siku ambapo mwenye zamu amesimama besini. Mfano: Asha amepiga. Chausiku akadandia, akafika besi ya kwanza. Kisha Bahati akapiga naye akafika, Chausiku akasogea hadi ya pili. Hakuna rufaa. Sasa Dora yuko homu na mpira wa kwanza umerushwa kwake. Zamu ya Bahati imehalalishwa. Anayemfuata Bahati ni Chausiku. Na Chausiku yuko besi ya pili.

Humtoi besini aje kupiga. Anarukwa, bila adhabu, na Dora anakuwa mpigaji halali. Nimewahi kuona refa akimwita mkimbiaji kutoka besi ya tatu aje homu na gongo. Uwanja mzima ulisimama kutazama.

## Hatua ya 8: Kata rufaa kwa maneno yanayoeleweka

Subiri mchezo utulie. Omba taimu. Usianze na "refa huoni?" Sema hivi:

"Refa, tunakata rufaa ya zamu. Mpigaji aliyemaliza sasa hivi, jezi namba 9, amepiga nje ya zamu."

Inatosha. Refa atatoa kadi, atamwita mwandishi wa alama kuthibitisha nani alimaliza kihalali kabla yake, na atatoa uamuzi. Ukimtajia na mwenye zamu unamrahisishia kazi, lakini ukimtaja vibaya unamchanganya, kwa hiyo kama huna hakika acha.

Refa, tangaza kwa sauti, na kwa makocha wote wawili wakiwa karibu: nani auti, wakimbiaji wanarudi wapi, auti ngapi, nani anapiga. Vitu vinne. Ukisahau cha nne, wataleta Esta.

Mwandishi wa alama, hapa penseli inalipa. Kwa uamuzi wa mlango wa pili ambapo Dora alikuwa amefika besi:

- Futa pigo la Dora na pointi ya Bahati.
- Kwenye kisanduku cha Chausiku andika auti, na umhesabie kuwa amepiga zamu moja.
- Sifa ya auti mpe mdakaji (mlinzi anayedaka mpira nyuma ya homu), ndivyo inavyoandikwa, ingawa hakugusa chochote.
- Acha kisanduku cha Dora wazi. Anakuja sasa hivi kukijaza.

Kwa mlango wa tatu, andika kilichotokea kwenye safu ya aliyekifanya. Kisanduku cha Chausiku kibaki kitupu, na pembeni uandike "alirukwa". Usimwandikie auti ambayo refa hakuitoa.

Umefanya sawa kama mpigaji anayefuata anaingia homu na hakuna kocha anayeuliza "sasa ni nani?"

## Jipime

Funika majibu kwa kiganja.

Swali la kwanza. Zamu ni ya Grace. Halima anaingia, anapewa besi kwa boli nne. Imani anasimama homu, mrushaji anarusha, refa anatangaza urushaji usiofaa. Kocha wa timu inayolinda anakata rufaa. Nani auti?

Hakuna. Mpira ulirushwa kwa Imani, na ubovu wake haufungui mlango uliofungwa. Halima anabaki besi ya kwanza, Imani anaendelea kupiga, Grace atasubiri orodha izunguke.

Swali la pili. Auti mbili. Besi ya pili na ya tatu zina wakimbiaji. Zamu ni ya Halima, anaingia Imani, anapiga, pointi mbili zinaingia. Asha anaelekea homu, mrushaji hajarusha, rufaa inakatwa.

Halima auti, ya tatu. Pointi zote mbili zimefutwa, timu zinabadilishana uwanja. Asha avue kofia ya kupigia ampe Imani, maana timu yao ikirudi kupiga, Imani ndiye wa kwanza.